Alisema Ameshiba

Jumapili, saa nne na nusu usiku. Marangu.

Leo jioni nimeingia kihambani, shamba letu la migomba tunamozika wafu wetu, na daftari nikanakili miaka iliyoandikwa kwenye misalaba. Bibi, mama yake baba, 1927 hadi 1979. Baba Mdogo, 1957 hadi 2004. Baba, 1953 hadi 2012. Makaburi haya nimeyapita tangu utotoni nikienda kukata majani ya ng'ombe, na sikuwahi kusimama nikafanya hesabu ya kutoa. Miaka 52. Miaka 47. Miaka 59. Mimi natimiza 41 mwezi wa nne.

Aliyenituma ni daktari. Mwezi uliopita nilimpelekea bahasha ya kaki ambayo Mama ameitunza ndani ya sanduku chini ya kitanda, pamoja na cheti cha ndoa. Juu yake ameandika kwa kalamu ya wino: "Baba – tumbo". Ndani mna majibu ya kinyama kilichonyofolewa tumboni mwa Baba. Miaka yote hii hakuna aliyetufafanulia. Daktari aliyasoma mara mbili, kisha akachukua karatasi akanichorea seli: duara lililojaa ute mpaka kiini kimesukumwa pembeni, kama jiwe kwenye pete. Akasema ni saratani ya tumbo, na seli za namna hii hazikusanyiki zikafanya uvimbe. Hutawanyika ndani ya ukuta wa tumbo, moja moja, na ukuta wenyewe hukakamaa. Nikakumbuka yule aliyempima Baba kwa mpira wenye kamera, alivyotuambia tumbo lake limekuwa gumu kama ngozi iliyokauka.

Kabla ya kipimo hicho Baba alikuwa amemeza vidonge vya kupunguza asidi kwa miezi tisa. Kila alipokwenda zahanati aliambiwa ni vidonda vya tumbo, arudi baada ya mwezi. Bado inaniuma, na sitaki kujifanya imepoa.

Basi daktari akaniuliza: nani mwingine katika ukoo, alikuwa na umri gani, aliumwaje? Nikakuta sina jibu hata moja. Akaniambia niende nikaulize wazee wakiwa bado wapo.

Shangazi nilimkuta jikoni nje, amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi za machalari, viganja amevipaka mafuta utomvu usimgande. Nikamuuliza Bibi aliugua nini.

"Tumbo."

Ndivyo tunavyojibu sote kwetu. Tumbo lilikuwa vidonda, au lilikuwa sumu, au mkono wa mtu. Alipokufa Baba Mdogo kuna jirani alitajwa jina, na hadi leo salamu zetu na mji ule ni za kuinamisha macho.

"Tumbo lilikuwaje, Shangazi?"

Akaweka kisu chini. "Alikuwa anakula vijiko viwili, anasukuma sahani. Anasema ameshiba. Sisi watoto tulifurahi, mwanangu. Tulidhani anatuachia sisi."

Sikuweza kuendelea kuandika. Baba alikuwa mtu wa kumaliza bakuli la mtori na kugonga kijiko ili aongezwe, na mwaka ule wa mwisho alikuwa akionja tu, ananiambia, "Nimeshiba, mama." Nilimtolea chombo mezani mara ngapi? Nilidhani ni uzee, na alikuwa na miaka 58.

Nimesoma sana tangu siku ile ya bahasha, na kisa kilichonishika zaidi ni cha ukoo mmoja wa Wamaori wa New Zealand. Ndani ya miaka 30 walizika zaidi ya watu 25 kwa saratani ya tumbo, wengine vijana kabisa. Wapo miongoni mwao waliosema ni laana. Hatimaye wenyewe ndio waliowaendea watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, wakawapa damu zao na orodha ya wafu wao, na mwaka 1998 timu ya Parry Guilford ikatangaza chanzo: hitilafu kwenye jeni iitwayo CDH1. Kazi ya jeni hii ni kutengeneza protini inayoshikanisha seli zisiachane. Mzazi akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na kwa sababu seli zinatawanyika chini ya utando, kamera huweza kupita juu yake isione kitu. Ndiyo maana wengi waliokutwa nayo walikubali kuondolewa mfuko wote wa tumbo wakiwa wazima, umio ukaungwa na utumbo mwembamba. Wanakula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na vitamini B12 wanaihitaji maisha yao yote. Nimejaribu kujiweka kwenye nafasi yao. Kulala kitandani hospitali siku huumwi popote, kwa sababu ya makaburi ya nduguzo.

Daktari hakusema kwamba sisi ni kama wao. Alinitahadharisha kwamba katika saratani 100 za tumbo, zinazotokana na jeni za kurithi namna hiyo ni 1 hadi 3 tu. Mara nyingi ukoo unachorithishana ni jiko. Yule bakteria wa vidonda, Helicobacter pylori, huingia utotoni, ndani ya nyumba, kutoka kwa mama au kaka. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya saratani, lilimweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1994. Korea walifuatilia ndugu wa damu wa wagonjwa wa saratani ya tumbo, watu 1,676 wenye bakteria huyo, kwa takribani miaka tisa. Waliopewa dawa, 10 walipata saratani. Waliopewa vidonge vitupu, 23. Nilipomaliza kusoma hayo niliwaandikia ndugu zangu wote usiku huohuo.

Mimi nimemeza mpira. Koo linapuliziwa ganzi, unalalia ubavu wa kushoto, machozi yanatoka yenyewe, na inachukua dakika chache. Tumbo langu halikuonyesha kitu cha kutisha, ila bakteria yupo. Nimemaliza dawa za siku 14, nangoja wiki nne zipite nipime choo nione kama ametoka. Kipimo cha jeni kitabidi sampuli isafirishwe nje ya nchi, na fedha yake naikusanya. Mdogo wangu wa kiume amegoma. Anasema akijua hatalala. Sijamjibu, maana namwelewa.

Kuna swali moja la daktari nililolijibu haraka nikakosea. Aliuliza kama kuna mwanamke wa ukoo aliyeugua saratani ya titi, kwa sababu CDH1 huleta na aina moja ya saratani hiyo. Nilisema hapana. Leo Shangazi, akiwa anaosha ndizi, akasema bila kunitazama: "Na dada yangu wa Arusha je, humwandiki?" Nikasema yeye alikuwa titi, si tumbo. Akasema, "Ni mtoto wa mama yuleyule."

Msalaba wake haupo hapa. Aliolewa, akazikwa kwa mumewe, na mabinti wote wa ukoo huu wamelala kwenye vihamba vya watu wengine. Daftari langu lilikuwa na wanaume, na mwanamke mmoja aliyeolewa akaja kwetu.

Nimemwachia ukurasa. Kesho nitampigia binti yake, ambaye hatujazungumza tangu msiba. Nitaanza kwa kumuuliza mama yake alikuwa na miaka mingapi.