Kutoka Mvuke wa Olkaria hadi Dohani za Kipevu

Treni ya Madaraka ilitushusha Miritini, Mombasa, saa nane mchana, injini yake ya dizeli ingali inanguruma. Wiki iliyotangulia nilikuwa Olkaria, Naivasha, ambako mvuke wa ardhini huzalisha stima. Sasa nilitaka kuona mbolea inapoingilia nchini, maana Kenya huagiza karibu mbolea yake yote ya naitrojeni kutoka ng'ambo.

Nikafika Shimanzi, kwenye godauni moja. Makuli walikuwa wakipakia lori, mbiombio, kila mtu na gunia lake begani. Gunia moja likapasuka, chembe nyeupe zikamwagika sakafuni. Mzee mmoja akachutama, akawa anazizoa kwa kiganja na kuzipembua mchanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hii kuna mkulima anaingoja."

Chembe zile huanzia kwenye amonia, gesi inayoundwa kwa naitrojeni na hidrojeni. Viwanda vingi huitoa hidrojeni hiyo katika gesi asilia, na kila kilo ya hidrojeni huacha kilo 9 hivi za kaboni dioksidi hewani. Hidrojeni ya kijani hutokana na maji yanayotenganishwa kwa umeme safi. Mwaka 2023 Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni hiyo, na Umoja wa Ulaya ukaahidi msaada wa yuro milioni 12 hivi. Kwangu mimi, fedha za umma zianzie hapa hapa, kwenye mbolea. Magari nayo yaweza kutumia hidrojeni, lakini yana betri tayari. Mahindi hayana mbadala wa naitrojeni.

Nikamweleza babu jinsi stima ya mvuke inavyoweza kutoa hidrojeni ya mbolea. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na sisi huku stima itatutosha?"

Swali hilo ndilo nililoondoka nalo. Kilo moja ya hidrojeni ya kijani hula zaidi ya yuniti 50 za stima. Kiwanda kikichukua stima ya mvuke iliyopo bila kuchimbwa visima vipya, pengo litazibwa na mitambo ya mafuta mazito, na hapo kaboni yaweza kupita hata ile ya gesi. Kwa hiyo mwenye kiwanda asiyeongeza umeme mpya asipewe hata shilingi ya umma.

Magharibi ilinikuta Makupa, narudi Changamwe. Ng'ambo ya maji palikuwa Kipevu, kwenye mitambo ya dizeli ya megawati 120, ichomayo mafuta mazito hayo. Taa za Mombasa zilikuwa zinaanza kuwaka.