Gemu uliyolipia si yako kihivyo

Watu wengi bado wanadhani ukishalipia gemu basi ni yako milele, ila siku hizi mambo yamebadilika kabisa. Chukua The Crew ya kampuni ya gemu Ubisoft, gemu ya magari iliyotoka 2014, hata ukicheza peke yako ilikuwa lazima uunganishwe na seva zao, yaani kompyuta zao za mtandaoni, sasa 31 Machi 2024 wakazima seva na gemu ikafa palepale, hata mwenye diski yake hakuweza kucheza tena. Inaniuma aisee. Stadia, huduma ya Google ya kucheza gemu mtandaoni, ndo ilikuwa zaidi, gemu inaendeshwa kwenye kompyuta zao huko mbali we unaletewa picha tu kama video, ukibonyeza kitufe amri inasafiri mpaka kule, yaani intaneti ikisuasua tu umekwisha. Ilianza Novemba 2019 ikafungwa Januari 2023, na hapo nawapongeza, walirudisha hela za gemu na vifaa vilivyonunuliwa kwao. Mi naona kampuni ikizima seva iache namna ya kucheza bila mtandao, Ubisoft wenyewe baadaye waliiwekea The Crew 2 namna hiyo ya kucheza bila mtandao, kwa hiyo inawezekana kabisa.