Mchuzi weka pembeni

Jamani leo niseme ukweli tu, mi na umri huu wote siwezi kula wali uliomwagiwa mchuzi juu. Sio kwamba sipendi mchuzi, mchuzi naupenda sana tena ukiwa wa nazi naweza kuunywa kama uji, ila nataka ukae kwenye bakuli lake na wali ukae kwenye sahani yake alafu mi mwenyewe ndo niwakutanishe, tonge kwa tonge. Wali ukishalowana ukakaa dakika tano unavimba, unakuwa kama chakula cha mgonjwa, hamu yote inakata.

Sasa nenda na tabia hiyo kwa mama ntilie uone. Hapa Dar karibu na kazini kuna mama anapika wali wa nazi mzuri mno, ikifika saa saba mchana ni foleni, na mkono wake umeshazoea, wali, upawa wa maharage juu, mchicha, kachumbari, alafu kipande cha tikiti anakitupia hapohapo juu ya kila kitu. Siku ya kwanza nikamwambia mama naomba maharage pembeni. Akaniangalia, akaiangalia sahani, akasema "Pembeni wapi baba, sahani yenyewe si hii moja?" Foleni nzima ikacheka. Siku hizi akiniona tu anachomoa kibakuli cha plastiki, ila tikiti bado analiweka juu ya wali, na mi tikiti lililogusana na wali siliwezi, nampa jamaa mmoja wa ofisini ambaye hachagui kitu.

Lakini ndizi mbivu na pilau nakula. Tena naimenya na kuikatia humohumo kwenye sahani, inagusana na kachumbari, inagusana na mafuta ya nyama, na sioni tatizo lolote. Mke wangu keshaniuliza mara mia tofauti iko wapi, na kwakweli sina jibu, najua tu pilau bila ndizi naona kama kuna kitu kimesahaulika jikoni.

Nikifikiria nadhani yote yalianzia nyumbani Tanga. Tulikuwa tunakula watoto sita kwenye sinia moja, na sheria zilikuwa zinajulikana, kila mtu anakula upande wake, huvuki kwenda kwa mwenzio, na nyama haiguswi mpaka mama aje aigawe mwisho. Mchuzi sasa ndo haukuwa na mwenyewe, unamwagwa katikati na kila mtu anajitegemea. Kaka yetu mkubwa alikuwa fundi, kabla hatujasema bismillahi keshachimba mfereji kwa kidole kwenye wali kutoka katikati mpaka kwake, mchuzi wote unateremka kwake kama mto Pangani unavyoingia baharini, sisi wadogo tunabaki na wali mkavu. Nililia nililia hadi mama akaanza kuniwekea mchuzi wangu kwenye kikombe cha bati. Basi hapo ndo ikawa imetoka, kikombe kile sijui kiliishia wapi ila tabia imebaki.

Na nyama mpaka leo nala mwisho, hata nikiwa peke yangu hotelini. Naisogeza pembeni ya sahani namaliza wali wote huku naiangalia. Ubaya wake ni kwamba watu wanadhani umeiacha. Kuna mtu aliniambia "hii huli eeh" na mkono ukiwa tayari njiani, mpaka leo salamu zetu ni za mbali.

Ukoko ni kesi nyingine. Ule wa wali wa nazi uliopaliwa mkaa juu ya mfuniko, ukabanduka kipande kizima rangi ya kahawia, huo sitaki mchuzi wala mboga, nakula hivyohivyo nimesimama jikoni kabla hawajaja wengine. Rice cooker ziliponunuliwa nyumbani kwetu mi nilihuzunika peke yangu.

Mtihani mkubwa niliupata ukweni. Mke wangu ni wa Bukoba, na mara ya kwanza nimeenda kutambulishwa mama mkwe akapika ndizi na maharage. Sio ndizi huku na maharage kule, hapana, vimepikwa pamoja sufuria moja tangu asubuhi, vimeshikana. Sasa ukweni unasemaje "naomba pembeni"? Nikanyamaza nikatafuta njia yangu, nikawa nachambua taratibu kwa kijiko, nakula maharage kwanza punje kwa punje yaishe ndo nizifuate ndizi. Nilijua hakuna anayeniona maana wazee walikuwa kwenye stori zao.

Kumbe mama ananiona mwanzo mwisho. Maharage yalipokwisha tu akainuka kimyakimya, akarudi na upawa umejaa maharage matupu, akanimwagia juu ya ndizi zote, akamgeukia mke wangu akamwambia kwa furaha kabisa kwamba mkwe wake kumbe mpenzi wa maharage. Sasa hivi ni mwaka wa saba. Kila tukienda ananitengea sufuria yangu.