Tulivyofanya ubatizo wa kijana wangu ziwani, siku ya Sabato, bila kupika

Kijana wangu wa miaka 14 alipomaliza darasa la ubatizo (sisi Wasabato hatubatizi wachanga, mtu anafundishwa kwanza afu anaomba mwenyewe) mchungaji akatuambia ubatizo utakuwa ziwani hapa Musoma na tarehe ni ile atakayopata yeye, maana mtaa wake (yaani eneo la makanisa anayoyahudumia) una makanisa kibao na wote wanamsubiri. Mi nikajua kazi ninayo. Ndugu wanakuja, sherehe iko nje, na siku yenyewe ni Sabato, yaani Jumamosi, inaanza Ijumaa jua likizama, hupiki wala hununui kitu.

Kwa hiyo kila kitu kikaangukia Ijumaa, ndo siku ya maandalio kweli kweli. Soda na maji ya chupa, Ijumaa. Dereva wa Hiace nikamlipa Ijumaa hiyo hiyo, akanishangaa, akasema, "Mama, wengine hata tukishafika bado tunadaiana". Chakula ndo kilinipa mawazo. Watu wakaniambia pika pilau, nikakataa, wali wa nyama kulala mpaka kesho na joto hili la kwetu ni kutafuta watu waharishe. Nikaenda na vitu vikavu: chapati, kuku wa kukaanga, sato wa kukaanga, viazi vitamu, karanga, na matikiti yasiyokatwa. Kambale na kamongo hawaingii mezani kwetu maana hawana magamba ya kuonekana, nikawaambia mashemeji mapema wasije nao. Kuku na samaki wakalala kwenye friji za majirani, asubuhi tukapasha tukajaza kwenye hotpot. Kupasha si kupika jamani, japo wapo wazee wetu wanaonuna hata kwa hilo. Jua lilipozama jiko lilikuwa limeshazimwa na mi nimekaa nimenyoosha miguu.

Sasa mama mkwe. Yeye ni Mkatoliki wa Ukerewe, alivuka na kivuko cha Rugezi mpaka Kisorya akaja kwa basi kupitia Bunda, amechoka, na hata chai hajamaliza akaniuliza, "Mkwe, huyu si alibatizwa na padri akiwa mchanga? Yale maji yaliisha nguvu?" Mume wangu akainuka akaenda kuangalia kuku. Mi sikubishana na mama, nikamwambia muulize mjukuu wako mwenyewe. Wakakaa nje wawili mpaka usiku, sijui waliongea nini, ila asubuhi bibi ndo alikuwa wa kwanza kuvaa, kanga mpya, akasema yeye ndo atashika taulo.

Na taulo ni muhimu, msicheke. Ziwa letu lina kichocho, konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo wazee wa kanisa walienda mapema kuongea na watu wa mwalo (pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia) wakaonyeshwa sehemu ya mchanga, wazi, isiyo na magugu, na ambayo wavuvi wanasema mamba hawaonekani. Tulienda asubuhi kabla upepo haujaanza, mchana mawimbi yanapiga mpaka mchungaji mwenyewe anayumba. Anayetoka majini anajifuta haraka anabadili nguo. Sisi mashemasi wa kike tulitengeneza kajumba ka kanga na vijiti kwa ajili ya mabinti, na kwenye pindo za majoho tulishonea vijiwe ili yasielee yakamfunua mtu mbele ya wakwe.

Maji yalikuwa ya kiunoni. Mchungaji akainua mkono, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kitambaa puani, mtoto akazama mzima akaibuka anakohoa huku kwaya imeshapokea wimbo, na bibi alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini na taulo lake, viatu miguuni! Wakatoliki wa upande wa mume wangu wakapiga vigelegele kuliko sisi.

Tukala chini ya miembe, kila mtu na mkeka wake. Keki sikununua na hakuna aliyeiulizia, spika sikukodi, ile pesa bora niliweka kwenye usafiri maana wazee hawakupanda bodaboda hata mmoja. Vyombo nilirudisha Jumapili, ila kuna hotpot moja ya bluu yenye mfuniko mweupe mpaka leo sijui ya nani, nyumba zote nimepita wanasema si yao.