Nilivyomcheza Cassius bila kukunja uso

Kikundi chetu cha maigizo hapa Tabora kilipochagua Juliasi Kaizari, karibu kila mtu aliililia nafasi ya Brutus. Mimi nikaangukiwa na Cassius, mfitini anayemshawishi Brutus waungane kumuua Kaizari, mtawala wa Roma. (Tamthilia ni ya Shakespeare, lakini sisi wa Tabora tunaihesabu yetu: aliyeitafsiri mwaka 1963 ni Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa na kufundisha hapa.)

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa kichekesho. Nikunje uso, ninong'one, ninyate kama mwizi wa kuku. Mzee anayetuongoza, mwalimu mstaafu, akanisimamisha. "Mwanangu, mfitini wa hivyo atampata nani? Mchonganishi hasa anavuta kiti, anakaa, anakuuliza hali ya mama."

Nikarudi kitabuni. Nilimshikia Cassius pale anapomsimulia Brutus jinsi yeye na Kaizari walivyoshindana kuogelea mto Tiber, siku ya upepo na baridi, Kaizari akazidiwa, akaomba msaada, Cassius akamtoa. Leo mtu huyohuyo ndiye mungu wa Roma! Sasa mimi ni mtoto wa Ujiji, nimekulia ziwani. Kuna mwenzangu nilimvuta majini kule Kibirizi tukiwa wadogo. Siku hizi ana cheo, nikimpigia simu anapokea msaidizi. Mbele za watu kisa hicho hukisimulia nikicheka. Basi maneno ya Cassius nikayasema kwa kicheko kilekile. Mzee hakusema kitu, ila safari hii hakunikatiza.

Zile barua za kughushi anazomtupia Brutus dirishani, kila moja na mwandiko wake, hazikunisumbua tena. Kilichonitesa ni ugomvi wake na Brutus hemani, anapofunua kifua na kumpa Brutus jambia amchome. Anaigiza, au ameumia kweli? Nikamuuliza mzee.

"Wewe ukimwambia mama watoto unarudi kwenu Ujiji, huwa unaigiza?"

Nikanyamaza.

Mwisho wake ni vitani Filipi, siku yake ya kuzaliwa. Macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo anamtuma mtumwa wake Pindarus kilimani amtazamie, analetewa habari isiyo sahihi, anamwamuru Pindarus amchome kwa upanga uleule uliomchoma Kaizari. Usiku wa onyesho nilivua miwani yangu kabisa, nisione kweli. Nikafa vizuri, ila nilimwangukia Pindarus mguuni, na ukelele wake haumo kitabuni.