Saa nane ya nani?

Ramadhani iliyopita nlipigiwa simu kama kumi hivi, zote saa tano usiku, zote za wenye maduka wanaotumia ile programu yetu huria ya stoku, na zote neno ni moja, "mashine imeganda". Na nyinyi mwajua Mombasa mwezi wa Ramadhani, watu wakitoka tarawehe ndo soko linachangamka, Biashara Street hapapitiki, sasa programu igande wakati huo ni kutafuta matusi tu.

Siku tatu twahangaika, kumbe ni bekapu, ile kunakili data yote isipotee. Ikianza, programu inajifunga dakika kama tano, ndo maana tangu zamani iliwekwa saa nane usiku watu wamelala. Kijana wetu mpya alipohamisha seva akakuta pameandikwa "bekapu saa nane usiku", basi akaweka 20, kwake yeye nane ya usiku ni ile nane ya kwenye simu (8 PM, yani 20:00), na seva yenyewe yaenda na saa za UTC, saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu masaa matatu, kwa hivyo 20 yake huku kwetu ni saa tano kamili. Ilitakiwa 23, ndo saa nane ya usiku ya kwetu. Wallahi sikumlaumu.

Maelezo yalikuwepo lakini! Voisi ya dakika nne kwenye grupu la WhatsApp, ya mwenzetu aliyeanzisha hii kitu, ambaye sasa hivi yuko Doha. Kijana kaingia grupu mwaka mzima baadaye, angeisikia wapi? Na voisi huwezi kuitafuta kwa neno, mpaka uisikilize yote na kikohozi chake.

Tukaamua maelezo yakae kwenye Git, ile inayotunza msimbo wa programu na kila badiliko lake, humo humo na msimbo, ukibadilisha kitu unabadilisha na maelezo yake, na yaonekana nani kaandika na lini. Kuna aliyetaka wiki (si ya siku saba, ile tovuti ambayo kila mtu aweza kuihariri, aliyoianzisha Ward Cunningham 1995, jina kalitoa kwa basi la uwanja wa ndege wa Honolulu, yani ni kama sisi tuite kitu chetu matatu). Mi nlikataa, tuko watano, sehemu mbili za kuangalia ni nyingi.

Halafu tukamwita mwanafunzi mmoja ambaye hajawahi kuiona programu, tukampa laptopu na README, ile faili ya maelezo ya kuanzia, sisi tumekaa pembeni na kahawa na kashata, sharti hakuna kumsaidia. Mstari wa tatu akakwama. "Washa database kama kawaida." Kawaida ya nani? Nliiandika mimi hiyo. Nkajing'ata ulimi, mwenzangu huku yuwacheka. Mpaka magharibi alikuwa kakwama mara kumi na moja, na zote akaziandika upya yeye mwenyewe kwa maneno yake, na yake yaeleweka kushinda yetu sisi tuliozoea.

Sasa saa zote twaandika mara mbili, ya kwetu na ya seva. Imebaki paswedi ya domeini tu, lile jina letu la mtandaoni, iko kichwani kwa yule wa Doha, na voisi zangu kaziwekea tiki za buluu tangu juzi.