Doria alipokula bunju

Ukifuga mbwa Unguja, hasa huku Kusini, jambo la kupanga mapema si chakula wala banda. Ni gari. Akiumwa ghafla usiku, daktari yuko mjini, wewe uko Jambiani, baina yenu zaidi ya kilomita 50, na hakuna daladala itakayokupakia naye. Hata teksi ukiipigia, mwenyewe akishasikia abiria ni nani, papo hapo gari ina pancha.

Mimi nafuga mbuzi wa maziwa, na Doria ndiye mlinzi wao. Jike, mwekundu, sikio moja limelala. Watu wa huku hawachukii mbwa kama wageni wanavyodhani. Mbwa wa kulinda mifugo na wa kusaka hakukatazwa, na wasasi wa Kusini wana mbwa tangu zama za mababu. Tabu ni mate. Sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mbwa akikulamba panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mkavu kwa mkavu hapana neno. Lakini mtu ameshatawadha, anakwenda zake msikitini, hataki kuingia katika hesabu hiyo, nami simlaumu.

Siku yenyewe ilikuwa bamvua. Maji yametoka mbali, wavuvi wamechambua nyavu, bunju, wale samaki wa kujivimbisha, wamewatupa mchangani. Kila mtoto wa pwani anajua bunju haliwi: sumu iko kwenye ini, mayai, matumbo na ngozi, na hata ukimchemsha kutwa nzima haitoki. Nilikuwa narudisha mbuzi nikamwona Doria anatafuna kitu. Nikamkemea. Akameza haraka zaidi. Kilichobaki mchangani kilikuwa kipande cha ngozi chenye vijiba, na hapo sikuhitaji kuambiwa.

Kabla ya Isha akaanza kujilamba midomo bila kukoma. Mate yakawa yanachuruzika, akatapika, kisha miguu ya nyuma ikamkataa. Anajaribu kusimama, kiuno kinakwenda upande. Uani pakajaa madaktari: mmoja anasema maziwa, mwingine dafu, mwingine mafuta ya nazi, shangazi ameshaanza kusaga mkaa. Nikampigia daktari wa mifugo ambaye namba yake nilikuwa nayo tangu alipokuja na timu ya chanjo.

Swali lake la kwanza lilinikera. "Kachanjwa kichaa?"

"Daktari, kala bunju, nimeona kwa macho yangu."

"Nimesikia. Kachanjwa?"

Kadi ilikuwa kabatini, nikamsomea tarehe. Ndipo aliponifahamisha. Mbwa anayetoa mate na kupooza miguu, daktari mwenye akili hamuwazi samaki kwanza, anawaza kichaa cha mbwa. Pemba walikuwa wameshautokomeza ugonjwa ule, na 2016 ukazuka tena. Asingekuwa na chanjo, alisema, maelekezo ya jinsi ya kumshika yangekuwa mengine kabisa.

"Basi nisikilize. Usimtie kitu mdomoni, si maziwa, si mafuta, si mkaa. Koo linalegea, ukimnywesha yatakwenda pafuni. Wala usimtapishe, wakati wake umepita. Sumu hii haina dawa ya kuivunja. Inakata habari baina ya neva na misuli, mwisho kifua nacho kinasimama. Lakini akili yake ipo, anakusikia. Tukimpumulia mpaka sumu imtoke, anaweza kuishi. Mlete."

Nimlete kwa gari gani? Jirani yangu, ami, ana kirikuu ya kubebea mwani na barafu. Nikamkuta ndiyo anatoka msikitini, kanzu nyeupe pe.

"Ami, Doria kala bunju. Daktari anamtaka mjini sasa hivi."

"Doria huyu anayewabwekea wezi wa mbuzi, hata wa mbuzi wangu?"

"Ndiye."

Akaitazama kanzu yake, akaitazama gari. "Nyuma, si mbele. Na utaiosha wewe, mara saba, na udongo utautafuta wewe."

"Inshaallah, ami."

Akaingia ndani kubadilisha kanzu, akatoka na funguo na turubai.

Tulimlaza ubavu juu ya turubai, shingo imenyooka, ulimi nimeutoa nje kwa pembeni usizibe njia. Mpwa wangu akashika tochi ya simu. Kazi niliyopewa ilikuwa kutazama ufizi: wekundu wa kawaida, sawa, ukigeuka buluu, hewa haifiki. Kitogani tukapita, tukaingia Jozani. Matuta ya pale yamewekwa magari yasiwagonge kima punju, na hata siku nyingine nikiwa na haraka huwa nayapa haki yake. Usiku ule kila tuta nililiona limejengwa kwa ajili yangu.

Baada ya Tunguu ubavu ukaacha kupanda. Macho yako wazi, moyo nausikia chini ya kiganja unapiga vizuri tu, pumzi hakuna. Daktari alikuwa ameshanieleza: fumba mdomo wake kwa mkono, puliza puani mpaka uone ubavu unanyanyuka, achia, kisha tena kila baada ya sekunde sita hivi. Nikaweka kanga kati, pumzi haikupita. Nikaitupa kanga, nikapuliza. Mpwa anahesabu sekunde kwa sauti, mimi napuliza. Ufizi ukarudi rangi. Ami alichungulia kwa dirisha la nyuma, akaona ninachofanya. Hakusema kitu, ila taa za Mwanakwerekwe zilifika mapema kuliko nilivyotarajia.

Daktari alikuwa ametufungulia kliniki. Akaingiza mpira kooni, akaunganisha mfuko wa kupumulia, akanikabidhi nibonyeze. Baada ya njia ya hewa kuwa salama ndipo akapitisha mpira wa pili hadi tumboni na kumtilia mkaa wa dawa. Kumbe shangazi hakuwa mbali sana. Akatundika dripu, tukamzungushia chupa za maji ya uvuguvugu kwa kuwa mwili unapoa. Jambo ambalo nisingeliwaza ni macho. Mbwa aliyepooza hapepesi, mboni zinakauka, basi kila baada ya muda daktari alikuwa akimpaka dawa ya macho huku akimsemesha, "Vumilia, mama, vumilia." Tulibonyeza kwa zamu: mimi, mpwa, daktari. Ami alisema yeye atashika saa.

Karibu na Alfajiri mfuko ulinipinga mkononi. Nilidhani umeharibika. Daktari akaniambia niache. Tukautazama ubavu, ukapanda wenyewe, kidogo, ukashuka, ukapanda tena. Mchana ananyanyua kichwa, na jioni akajaribu kung'oa dripu, tukajua amekuwa yeye.

Gharama iliondoka na beberu wangu mkubwa. Yupo aliyeniuliza mbuzi anauzwaje kwa ajili ya mbwa. Nikamwambia asubiri usiku mmoja Doria asiwepo bandani, kisha aje tuhesabu mbuzi pamoja.

Kirikuu niliiosha kama tulivyokubaliana. Ami alisimama pembeni na tasbihi anahesabu maji, na udongo alitaka uwe wa mwanzo, si wa mwisho. Tulipofika saba akaridhika na gari, kisha akanigeukia mimi. "Na huo mdomo?" Nikatia udongo kwenye maji, nikasukutua, naye akaanza tena moja. Gari ile sasa tumekubaliana bei ya usiku, mbwa au mgonjwa mwingine, na turubai lile limebaki kwangu.

Wavuvi nimezungumza nao. Wengi sasa bunju wanawachimbia shimo juu ya mstari wa maji, kwa sababu na watoto wanacheza pale pale. Wachache bado wanatupa. Kwa hiyo Doria haendi pwani bila kikapu cha waya mdomoni, kipana cha kumwezesha kuhema na kunywa maji. Anakichukia. Juzi alikiburuza mchangani mpaka kikapinda, nikakinyoosha kwa koleo, nikamvalisha tena.